Maisha ya Dada Mlingoti, Muuguzi Aliyejikabidhi

Alizaliwa mchana kweupe, katika ua wa kufulia wa hospitali ile ile aliyokuja kuitumikia maisha yake yote, juu ya rundo la mashuka yaliyokuwa yakisubiri kuchemshwa. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali hiyo. Uchungu ulimshika tangu asubuhi, naye hakumwambia mtu. Aliendelea kukamua na kuanika mpaka magoti yalipomkatalia. Mkunga aliyeitwa mbio kutoka jengo la wazazi, ambalo lilikuwa nyuma tu ya ukuta, alipigwa na butwaa kumkuta tayari ana mtoto mapajani, kamfunga kwa foronya. "We mama, wodi si hii hapa? Kwa nini hukuja?" Akajibiwa, "Nilikuwa sijamaliza kazi." Katika ukoo wao jibu hilo lilisimuliwa kwa fahari, na watu walilicheka mpaka machozi. Linawekwa hapa mwanzoni kwa sababu isiyochekesha: binti alilelewa ndani ya jibu hilo, akaamini kuwa ndio wema wenyewe, na nusura limuue.

Wito ulimjia akiwa na miaka kumi na minne. Pipa la maji ya moto lilimpindukia mama yake mikononi na kifuani, akalazwa wodi ya wanawake. Baba, aliyekuwa seremala, alikwisha kufariki, kwa hiyo binti ndiye aliyekaa sakafuni kando ya kitanda. Kutoka pale alimwona muuguzi wa zamu akisafisha vidonda. Muuguzi yule hakuwa na maneno ya dini. Alimwuliza mgonjwa ni sabuni gani inayotoa damu iliyokauka, kisha akabishia kila jibu, na dobi, pamoja na maumivu yote, akachachamaa kutetea kazi yake. Alipokuja kushtuka, bandeji ilikuwa imebanduliwa na mpya imefungwa. Binti aliona. "Mama, mimi nitakuwa yule." "Yule nani?" "Yule aliyekufanya ubishane." Hakusikia sauti kutoka juu wala kuona nuru, na mapadri walipomdadisi uzeeni alikataa katakata kuongeza lolote. Alisema aliona kazi ikifanywa vizuri na akajua Mungu yumo.

Alisomea uuguzi, akafaulu, akapangiwa wodi ile ile ya wanawake. Hapo ndipo alipopata jina ambalo waamini wanamkumbuka nalo. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mwanamke mnyoofu na mkali, alikuwa ameondoa viti vyote wodini kwa hoja kwamba muuguzi anayekaa anafundisha wagonjwa kusubiri. Binti wa dobi alikuwa mrefu kuliko wenzake, na katika zamu nzima hakuegemea hata ukuta. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga alimtazama akipita na kurudi, akauliza, "Jamani, huu mlingoti hauteremshwi hata jua likizama?" Wodi nzima ikacheka, na tangu siku hiyo akawa Mlingoti. Hakuolewa. Mjomba wake, ndugu wa mama, alipomletea habari ya mchumba, alimwambia, "Mjomba, mwanaume gani atamtaka mke anayerudi ananuka spiriti na kulala kama gogo?" Mjomba akajibu, "Wapo tele. Wengine wenyewe ni magogo." Alicheka, akaenda zamuni.

Ni lazima kueleza desturi moja ya wodi ile, kwa maana yote yaliyofuata yalisimama juu yake. Zamu ilipobadilika, wauguzi wanaotoka na wanaoingia walipita pamoja kitanda kwa kitanda. Anayetoka alisimama kushoto kwa mgonjwa na kusema kwa mpangilio usiobadilika: huyu ni nani, anaumwa nini, amefanyiwa nini, kimebaki nini. Alimaliza kwa neno "Namkabidhi." Anayeingia alijibu, "Nimempokea." Mpaka neno hilo litamkwe, aliyemaliza zamu hakuruhusiwa kuondoka, hata kama nyumba yake inaungua. Mlingoti aliipenda desturi hiyo kuliko sala nyingi. Alipofanywa msimamizi wa wodi aliisimamia kwa ukali wa mtu anayelinda altare. Aliyesahau kusema mgonjwa amekunywa nini alirudishwa mwanzo.

Wakati huo wauguzi walipungua na wagonjwa wakaongezeka. Vitanda vilijaa, magodoro yakatandikwa chini katikati, na muuguzi mmoja alifanya kazi ya watatu. Mlingoti alibeba. Watu walimwona akitabasamu kwa wagonjwa, akiwajua kwa majina, akiwahi kanisani kabla ya zamu, na wakasema kwamba huyu ameumbwa kwa udongo mwingine. Walikosea. Usingizi ulikuwa umemtoroka. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Alikaa kanisani mbele ya Ekaristi kama mtu aliyekaa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na nyumbani alisimama jikoni muda mrefu akiwa ameshika kikombe, amesahau alitaka kufanya nini nacho. Mara kwa mara, akivuka barabara, alijikuta anatamani asifike ng'ambo. Jambo hilo lilimtisha, akalipeleka kwenye kitubio kama dhambi. Padri alielewa kwamba amepoa katika imani, akamwongezea sala. Padri huyo alieleza mwenyewe baadaye mbele ya tume ya Kanisa iliyochunguza utakatifu wake, kwa ruhusa ambayo Mlingoti alimpa kwa maandishi: "Nilimpa dawa ya ugonjwa mwingine. Naye alikuwa mgonjwa mtiifu, akaimaliza yote."

Katika wodi hiyo aliletwa muuguzi mpya, mdogo kuliko wote, mwembamba, mwenye sauti nyembamba, ambaye wenzake walimwita Kifaranga. Alikuwa hodari na mwepesi wa mzaha. Baada ya miezi kadhaa mzaha ulikauka. Alianza kuchelewa, kisha akaanza kuwahi mno, akikaa nje ya mlango wa wodi kana kwamba hana kwao. Siku moja asubuhi, katikati ya zamu, alimfuata msimamizi wake kwenye toroli la dawa.

"Dada, naomba niondoke leo. Siwezi."

"Una homa?"

"Sina."

"Unatapika?"

"Hapana, dada. Nimechoka tu. Nimechoka mpaka..."

Mlingoti hakuinua macho kutoka kwenye dawa alizokuwa akizipanga. "Mdogo wangu, hapa wanaoumwa wako vitandani. Wewe uko kwenye miguu yako. Kunywa maji, urudi."

Alikuwa akiwaambia wote maneno hayo, na kabla yao alikuwa amejiambia mwenyewe miaka mingi, kwa hiyo hakuona ubaya wake. Kifaranga alikwenda kunywa maji. Mhudumu wa usafi alipofungua chumba cha mashuka kabla ya adhuhuri alipiga ukelele uliosikika mpaka wodi ya wanaume. Binti alikuwa chini, hajitambui, na kando yake kulikuwa na bilauri tupu. Maji aliyoagizwa kunywa aliyanywa, akimezea vidonge.

Wote walioshuhudia wanakubaliana juu ya jambo moja: Mlingoti ndiye aliyemwokoa. Wengine walishikwa na bumbuwazi, mmoja alianguka, mwingine alikimbia bila kujua anakwenda wapi. Yeye alipiga magoti, akamgeuza, akafungua njia ya hewa, akaagiza dripu na akamwita daktari kwa sauti ile ile ya kila siku. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangemkosa. Watu walimtazama kwa heshima iliyochanganyika na hofu. Hawakujua kilichokuwa ndani yake. Alipomaliza, akanawa mikono, alisubiri kushtuka. Hakushtuka. Alijipekua kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo: hofu haikuwapo, huruma haikuwapo, hata machozi ya aibu hayakuwapo. Mtoto wa watu alikuwa amekaribia kufa kwa neno lake, na ndani ya kifua chake palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Kimya hicho ndicho kilichomshtua. Miaka mingi alikuwa amewaona wagonjwa wasiohisi mguu wao ukichomwa sindano, na alijua mguu wa namna hiyo huitwa mguu uliokufa.

Kesho yake alifika zamuni kama kawaida. Kifaranga alikuwa amerudiwa na fahamu na alilazwa humo humo wodini, karibu na dirisha, uso ameugeuzia ukutani. Kitanda cha pembeni yake kilikuwa kitupu, mwenyewe ameruhusiwa asubuhi hiyo. Mchana zamu ya jioni iliingia. Siku hiyo Metroni alikuja mwenyewe kusimamia makabidhiano, kwa sababu ya aibu iliyotokea. Msafara ulipita kitanda kwa kitanda. Mlingoti alimsema kila mgonjwa kwa mpangilio, akamsema na Kifaranga bila kuficha wala kupamba, akapokelewa. Msafara ulitaka kugeuka. Yeye akasogea kwenye kitanda kitupu, akasimama kushoto kwake, akaendelea kwa sauti ile ile.

"Mgonjwa wa kike, umri miaka arobaini na minne, kazi yake muuguzi. Amekuja kwa miguu yake. Halali. Chakula hakimpandi. Hahisi kitu, si furaha, si huruma, si hofu. Mara nyingi anatamani asiamke. Hali hii ni ya siku nyingi na mgonjwa aliificha. Jana alimrudisha mwenzake kazini akiwa mahututi kwa sababu hakuweza kuutambua kwa mwingine ugonjwa alioukataa kwake. Hajafanyiwa lolote. Kimebaki chote. Namkabidhi."

Akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akapanda, akajifunika shuka mpaka kifuani.

Wagonjwa waliokuwa wamelala waliinuka kwa viwiko. Muuguzi aliyetakiwa kupokea, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alibaki mdomo wazi, kipimajoto kikamponyoka kikavunjika sakafuni na hakuna aliyekitazama. Metroni alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Inuka hapo! Unatuaibisha mbele ya wagonjwa!" Mlingoti akajibu, "Metroni, mgonjwa haamrishwi kuinuka. Ulinifundisha wewe." Bibi mmoja kutoka upande wa pili akanong'ona kwa sauti iliyosikika wodi nzima, "Haya, makubwa! Leo tumelazwa na nesi." Hakuna aliyecheka. Wauguzi waliangaliana. Kila mmoja alijua kwamba akitamka neno la kupokea, amekiri mbele ya Metroni kwamba muuguzi anaweza kuumwa namna hiyo, na kwamba huenda na yeye anaumwa. Neno likakaa hewani bila mwenyewe. Mlingoti alitazama dari. Alikuwa ameweka kazi yake yote, kitu pekee alichokuwa nacho duniani, juu ya kitanda kile, na ilionekana hakuna mtu atakayekiokota.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba, iliyokwaruzwa na mpira aliopitishiwa kooni jana. Kifaranga alikuwa amegeuka kutoka ukutani. "Nimempokea," alisema.

Waamini wengi hupenda kusimulia kwamba alisema hivyo kwa upendo na msamaha. Kifaranga mwenyewe, aliyeapa mbele ya tume, alikanusha. "Nilikuwa namchukia. Nilisema kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema, na bila neno lile zamu haiwezi kuisha. Tungekuwa tumesimama pale mpaka leo." Jioni ile, taa zilipowashwa, walilala wakitazamana, dripu ya mmoja ikidondoka katikati yao.

"Dada," Kifaranga alimwita. "Na wewe wamekuambia ukanywe maji?"

Mlingoti aliitikia kwa kichwa. "Nilistahili hiyo."

"Unastahili nyingi. Hiyo ni ya kuanzia."

"Toa zote. Sina pa kwenda."

Naye akazitoa, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikamwishia. Wagonjwa wa jirani walijifanya wamelala. Walipoulizwa miaka baadaye walisema hawajawahi kusikia mkubwa akisemwa namna ile na mdogo, wala mkubwa akisikiliza bila kujitetea hata kwa neno moja. Kitu kilichowashangaza zaidi ni kwamba katikati ya maneno hayo Mlingoti alianza kulia, akaweka kiganja usoni, akakitazama kilivyolowa kama mtu aliyeona maji yakitoka kwenye bomba lililokauka.

Daktari wa magonjwa ya akili, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliupa ugonjwa wake jina: sonona, yaani huzuni nzito inayokalia mwili na akili kama ugonjwa mwingine wowote, nayo ilikuwa imepandikizwa juu ya uchovu wa miaka. Alimpa dawa, akamwamuru alale, akamfundisha jambo ambalo Mlingoti alilihesabu, baada ya ubatizo, kuwa zawadi kubwa kuliko zote alizopokea. Yeye alitaka mawazo yake mabaya yang'olewe kama jino. Daktari alimwambia hana koleo hilo.

"Wazo linapokuambia hufai," alimwuliza, "linakuzuia kumshika mgonjwa mkono?"

Alifikiri. "Hapana. Linanisema tu huku nimemshika."

"Basi liache liseme. Wewe shika mkono."

Lilionekana jambo dogo, na mwanzoni alilidharau. Lakini alikuwa ametumia nguvu zake zote kupigana na hali yake, kuificha, kuikana, kuiombea iondoke, na hakubakiwa na nguvu ya kuishi. Sasa alijifunza kuipisha: kukiri kwamba ipo, kisha kuchagua atafanya nini leo kwa ajili ya yule anayempenda. Sauti ile iliyomsema aliipa jina la Metroni wa Kichwani. "Leo Metroni wa Kichwani kaamka kabla yangu," alikuwa akiwaambia wagonjwa wenzake, nao wakamjibu, "Mwambie asubiri zamu yake." Katika sala aliacha kudai utamu. Alikaa mbele ya Bwana akiwa mkavu, akamwambia ni mkavu, akabaki.

Metroni halisi hakucheka. Alimshtaki mbele ya baraza la hospitali, akitaka aondolewe kazini moja kwa moja, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: nani atamkabidhi mgonjwa kwa muuguzi anayetamani kufa? Mzee mmoja wa baraza, mtu wa kanisani, aliongeza kwamba Mkristo hubeba msalaba wake bila kupiga kelele. Mlingoti, ambaye siku hiyo alisimama kwa shida, alimjibu, "Mzee wangu, Bwana mwenyewe alianguka nao njiani, na mtu akatolewa kwenye umati ambebee. Haikuandikwa kwamba alikataa." Mwenyekiti akamwuliza kama anaweza kuwahakikishia kwamba ugonjwa hautarudi. "Siwezi, Mwenyekiti. Naweza kuwahakikishia kwamba ukirudi nitasema." Baraza likagawanyika, na likafanya jambo la busara: likaagiza daktari yule awapime wauguzi wote wa hospitali kwa siri, bila majina. Taarifa iliposomwa, mwenyekiti aliishusha mezani, akavua miwani, akaifuta, akaisoma upya kwa sauti ndogo zaidi. Zaidi ya nusu ya wauguzi walikuwa wamechoka kiasi ambacho kupumzika tu hakutoshi. Wengi wao walikuwa na sonona, na kati ya hao wamo waliowahi kufikiri kujiua wakiwa wamevaa sare. Walioketi kwenye meza ile walikuwa wanatibiwa na wauguzi hao. Wake zao walijifungulia mikononi mwao.

Mlingoti alirudishwa kazini, si msimamizi tena, muuguzi wa kawaida. Viti vilirudishwa wodini. Na katika kila makabidhiano, baada ya kitanda cha mwisho, anayetoka zamu alitakiwa kujisema mwenyewe kwa mpangilio ule ule, na kupokelewa. Metroni hakumsamehe. Ukweli huu haufai kufichwa: alistaafu bila kumsalimia, na akafa wakiwa hawajapatana, ingawa Mlingoti alikwenda mlangoni kwake mara nyingi na kurudi.

Miaka ilipita. Kifaranga, aliyepona taratibu na kwa kurudi nyuma mara kadhaa, ndiye aliyefanywa msimamizi wa wodi, na aliyemfundisha kazi akawa chini yake. Ndipo mji ukaingiliwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika, na shule zikageuzwa wodi. Mlingoti alifanya kazi mpaka macho yakaingia ndani. Alikuwa akimhudumia mama mmoja kijana ambaye hakutaka kuachia mkono wake.

"Dada, nenda kalale," Kifaranga alimwambia.

"Huyu hajatulia. Nikimwacha atashtuka."

"Nakuona unapepesuka. Mseme, nimpokee."

Zamani angekataa. Metroni wa Kichwani alikuwa anapiga kelele kwamba muuguzi wa kweli haondoki. Alimsema mgonjwa kwa mpangilio, akasikia "Nimempokea," akaenda, akalala. Alipoamka, mama yule alikuwa amefariki. Mumewe alikuwa amesimama kwenye lango la shule, amekumbatia kanga ya marehemu, na alipomwona Mlingoti alipasua sauti mbele ya umati: "Wanakuita mtakatifu! Mtakatifu gani analala watu wakifa?" Watu waligeuka. Wengine waliitikia kwa kichwa kumwunga mkono, hata wale aliowauguza. Mlingoti alikuwa na jibu, kwa maana daktari alikwisha kusema kwamba mgonjwa yule asingepona hata angezungukwa na hospitali nzima. Hakulitumia. "Ni kweli, baba," alisema. "Nililala." Akabaki amesimama mbele yake mpaka mtu yule alipomaliza kulia. Mume huyo mwenyewe aliugua siku chache baadaye, akauguzwa na Mlingoti, akapona, na ni mmoja wa mashahidi walioapa kwa ajili yake.

Ugonjwa wa mji ulipokwisha, ule wake ulirudi. Aliutambua mapema, kwa chakula kilichogeuka karatasi. Katika makabidhiano yaliyofuata alijisema: "Mgonjwa ni yule yule, amerudi." Safari hii walioshtuka ni wauguzi wageni tu. Alipokelewa kabla hajamaliza sentensi.

Alifariki akiwa na miaka sitini na mmoja, kwa ugonjwa wa moyo, katika wodi ya wanawake, mchana, dirisha likiwa wazi. Padri aliyempa mpako wa wagonjwa, yule yule wa zamani, sasa mzee wa fimbo, alimwuliza kama ana amani. "Sina, Padri," alisema. "Ila nina watu." Padri alitegemea neno lingine na alikiri kwamba lilimshtua, alilitafakari mpaka kufa kwake, na mahubiri yake yakabadilika. Alipokata roho, Kifaranga, aliyekuwa na mvi tayari, alisimama kushoto kwa kitanda na kumsema kwa mpangilio, tangu dobi na ua wa kufulia mpaka pumzi ya mwisho. Akamaliza, "Namkabidhi." Wauguzi walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Wote walielewa kwamba si wao walioulizwa.

Juu ya maajabu, tahadhari inahitajika. Wapo wanaodai kwamba viatu vyake huponya miguu iliyovimba. Kanisa halijathibitisha jambo hilo, na marehemu, aliyejua vizuri sababu za miguu kuvimba, bila shaka angewaambia wakae chini kwanza. Lakini lipo tukio moja ambalo tume ililichunguza kwa makini. Muuguzi wa hospitali ya mbali, ambaye hakuwahi kumjua wala kusikia habari zake, alikuwa amejifungia katika chumba cha dawa akiwa amekwisha kuamua kufa. Alisema alisikia nyuma yake mwanamke akimwuliza bila haraka, "Nani anakupokea?" Aligeuka asione mtu. Hakuelewa swali, na kwa kuwa hakulielewa alitoka kwenda kumwuliza mwenzake maana yake. Mwenzake alimtazama usoni, akamkalisha, hakumwacha. Yuko hai, ana kazi yake, na anaumwa mara kwa mara. Daktari ameshuhudia kwamba alinusurika, na kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Juu ya sauti, daktari hakusema kitu, kwa sababu si kazi yake.

Leo katika hospitali nyingi ambazo hazijui jina lake, wauguzi wanajisema mwishoni mwa zamu. Katika nyingine bado hawajisemi, na humo wengine wanaanguka katika vyumba vya mashuka, na watu wanashangaa, kwa sababu jana tu walikuwa wakicheka nao. Atakayetaka kumwiga Dada Mlingoti asianze kwa kusimama kwake. Amwendee mtu mmoja aliye karibu, leo, kabla ya kuvua sare, amweleze hali yake kama anavyomweleza mgonjwa: nini kinauma, tangu lini, amelala kiasi gani, anawaza nini akivuka barabara. Asipambe wala asiombe radhi. Na yule anayeelezwa, hata kama mdomo umemkauka kwa mshtuko, hata kama moyoni bado ana kinyongo naye, aache alichoshika mkononi na ajibu.